Makumbusho, Nyumba ya Ibada au Skrini? Ulinganisho kwa Anayeongoza Kikundi Kutazama Sanaa Takatifu Nairobi

Katika shule za Kenya elimu ya dini hufundishwa kama masomo matatu, la Kikristo, la Kiislamu na la Kihindu, na kipindi kinapofika wanafunzi waliokuwa wamekaa dawati moja hutawanyika, kila mmoja akaelekea kwa mwalimu wake. Matokeo yake ni kwamba kijana anaweza kumaliza shule akiwa amepita mbele ya Msikiti wa Jamia kila mara aendapo mjini, au amelitazama hekalu la Kihindu la Swaminarayan kutoka dirishani mwa matatu kila asubuhi, bila kuwahi kuelezwa na yeyote kile anachokiona. Mwalimu, ustadhi, katekista au kiongozi wa vijana anayetaka kuziba pengo hilo kwa kuwapeleka watu wake kutazama sanaa takatifu ya dini nyingine huwa na nafasi moja katika muhula, fedha kidogo, na swali linalomkwamisha: awapeleke wapi?

Nairobi inampa njia tatu. Ya kwanza ni makumbusho yenyewe, hasa Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi pale Museum Hill, pamoja na mikusanyo ya Joseph Murumbi iliyoko Nairobi Gallery na katika jengo la Kumbukumbu za Kitaifa la Moi Avenue, ambalo wakazi wengi huliita Archives. Ya pili ni kwenda moja kwa moja katika nyumba za ibada, ambako vitu vya aina ile ile bado vinatumika. Ya tatu ni kutazama kwenye skrini maonyesho ya kidijitali ya makumbusho makubwa ya ng'ambo, ambayo mengi sasa yameweka picha na maelezo ya mikusanyo yao kwenye intaneti bila malipo.

Vigezo vya kupimia

Nimetumia vigezo vinne. Cha kwanza ni hali ya kitu: mtazamaji anakiona kikiwa kazini, kikiwa kimetulizwa nyuma ya kioo, au anaona taswira yake tu? Cha pili ni sauti, yaani nani anayeeleza na anaeleza kwa mamlaka gani. Cha tatu ni masharti, nikimaanisha adabu anazodaiwa mgeni pamoja na mipaka ya dhamiri yake mwenyewe, jambo ambalo waandaaji wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kufika mlangoni. Cha nne ni muda na gharama.

Sikuuweka uzuri kuwa kigezo. Njia zote tatu zina vitu vizuri vya kutosha kumshibisha mtu siku nzima, na zaidi ya hayo kitu kitakatifu hutengenezwa kikiwa na kazi ya kufanya: kupokea sadaka, kumkumbuka marehemu, kuonyesha upande wa kuelekea wakati wa sala, kubeba maneno ambayo mwamini anayaheshimu kuliko uhai wake. Ninachokilinganisha hapa hasa ni sehemu gani ya kazi hiyo inabaki kuonekana katika kila njia, na sehemu gani inapotea.

Hali ya kitu kinachotazamwa

Makumbusho hukitoa kitu kazini ili kiweze kutazamwa kwa utulivu. Mfano ulio karibu nasi ni kigango cha Wagiriama. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa kwa umbo la mtu na kupambwa kwa mikato ya pembetatu, ambayo husimamishwa kwa heshima ya mwanachama wa chama cha Gohu aliyefariki, na ambayo kwa desturi haing'olewi: hata wenye mji wakihama, nguzo huachwa papo hapo ilipo, ioze na kurudi udongoni. Kwa hiyo kigango kinachohifadhiwa katika jumba la makumbusho lolote, kikikingwa dhidi ya mchwa na unyevu, kimezuiwa kulifanya jambo la mwisho kilichokusudiwa kulifanya. Vigango vingi viliibwa Pwani na kuuzwa Marekani kama mapambo ya ukutani. Viwili vilirudishwa nchini mwaka 2007, na makumbusho ya Denver yakakubali baadaye kuachilia vingine 30. Kurudi kwao kumezua suala ambalo kikundi cha vijana kinaweza kulijadili kwa saa nzima bila kuchoka, kwamba kitu kilichoporwa kikirudi, je, mahali pake ni jijini chini ya ulinzi, au ni kule kwao ambako mwizi anaweza kukifuata tena? Mchongo mzuri zaidi duniani usio na historia ya namna hiyo hauwezi kuibua mjadala kama huu.

Vinyago vya mkusanyo wa Murumbi vina upungufu wa aina nyingine. Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya mwaka 1966, alikusanya kazi za sanaa kutoka pande nyingi za Afrika, na kwa mkazi wa Nairobi asiye na nauli ya kwenda Lagos au Kinshasa huo ni utajiri. Lakini kinyago kilichotundikwa hakina mchezaji, hakina vazi lililomfunika mwili mzima, hakina ngoma wala watu wa kukikimbia. Mtazamaji huona uso peke yake na kudhani ameona kitu kizima. Faida ya makumbusho, na ni faida kubwa, ni kwamba kitu kimetulia: mwanafunzi anaweza kukikaribia, kukitazama pembeni, kukichora daftarini na kukilinganisha na cha jamii jirani bila kumkatiza mtu yeyote ibada yake.

Katika nyumba ya ibada mambo hubadilika. Hekalu la BAPS Shri Swaminarayan, lililofunguliwa mwaka 1999 kando ya barabara iliyoitwa Forest Road na ambayo sasa ina jina la Profesa Wangari Maathai, lilijengwa kwa jiwe la rangi ya njano lililosafirishwa kutoka Jaisalmer, India, na wageni wengi huishia kustaajabia uchongaji wa nje. Jambo la kufunza zaidi liko ndani. Sanamu za ibada huvishwa, hupambwa kwa maua, hupelekewa chakula na kupumzishwa, na saa za mapumziko pazia hufungwa. Mgeni anayefika pazia likiwa limefungwa ana haki ya kusikitika, ila tayari amepata somo ambalo lebo haiwezi kumpa, kwamba aliye nyuma ya pazia anatendewa kama aliye hai na mwenye ratiba yake, na kwamba mwabudu huja kumtazama na pia kutazamwa naye.

Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya mwaka 1925 na 1933 ukiwa na kuba tatu na minara miwili, unadai jicho la namna nyingine. Hakuna sura ya kiumbe ya kukodolea macho. Sanaa iko katika maandishi, katika uwiano wa matao, na zaidi ya yote katika mwelekeo, kwa kuwa safu za wanaosali na mihrabu, yaani kishubaka cha ukutani kinachoonyesha upande wa Makka, hufuata upande mmoja. Mgeni aliyezoea kutafuta picha hutoka akisema hakukuwa na sanaa. Kiongozi mzuri humsimamisha kwanza mahali ambapo mwelekeo huo unaonekana.

Kwa upande wa Ukristo, jiji lina mitindo iliyo mbali sana kati yao. Kanisa Kuu la All Saints, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, ni la mawe na la mtindo wa Kigothi, ilhali Basilika ya Familia Takatifu, iliyobuniwa na Dorothy Hughes na kukamilika mwaka 1963, ni ya zama mpya kabisa. Katika makanisa ya Kiorthodoksi ikoni, yaani picha takatifu, hubusiwa, hufukiziwa uvumba na kuwashiwa mishumaa, hata nyingine hufifia kwa kupendwa. Na kwa kikundi chenye uwezo wa kutoka jijini, Murang'a, kiasi cha kilomita 80 hivi, kuna Kanisa la Mtakatifu James, lililojengwa miaka ya 1950 kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Humo Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu aliyekuja kuwa mwanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi, alichora ukutani maisha ya Yesu kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, akiwafanya Yesu na watu wake kuwa Waafrika na mandhari kuwa ya huku kwetu. Michoro hiyo ingehamishiwa makumbusho ingekuwa hatua katika historia ya sanaa ya Afrika Mashariki. Ikiwa pale ilipo, juu ya vichwa vya waumini ambao wazee wao waliishi vita hivyo, inasema mengi zaidi ya hayo.

Skrini nayo ina uwezo wake wa pekee. Zulia la Ardabil, lililofumwa Iran mwaka 1539 au 1540 kwa ajili ya kaburi tukufu la Sheikh Safi al-Din, liko katika Victoria and Albert Museum, London, ambako taa huwashwa kwa dakika kumi tu katika kila nusu saa ili rangi zisififie. Mtu aliyeko Umoja mwenye simu ya kawaida hulitazama kwa mwanga usiozimwa, na anaweza kulikuza hadi aone fundo moja moja na yale maandishi ya mwishoni yanayotaja mwaka na jina la Maqsud Kashani. Asichoweza kukipata ni ukubwa. Zulia lina urefu unaozidi mita kumi, na kwenye kiganja cha mkono hugeuka kuwa kitu cha kutia mfukoni.

Hali ni hiyo hiyo kwa mihrabu ya vigae iliyotoka madrasa ya Isfahan, ya mwaka 1354 hadi 1355, iliyoko Metropolitan Museum of Art, New York. Ukiikuza utasoma maandishi yake kwa raha ambayo msafiri aliyesimama mbele yake huenda asiipate, lakini mihrabu hiyo haimwelekezi tena mtu yeyote Makka, na skrini haiwezi kukuonyesha kwamba imepoteza hilo. Ndiyo maana napendelea kikundi kiione baada ya kuingia Jamia, wala si kabla.

Kisha kuna sanamu za shaba za enzi ya Wachola wa kusini mwa India, zilizomo katika makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani, maarufu zaidi zikiwa zile za Shiva akicheza ndani ya duara la moto. Sanamu hizo zilitengenezwa zibebwe katika maandamano ya sikukuu. Kwenye picha ya skrini kikundi kinaweza kutafuta matundu au pete kwenye kitako ambamo miti ya kubebea ilipitishwa, jambo ambalo hekaluni lingefunikwa na hariri na maua. Hekalu nalo huonyesha hariri na maua ambayo makumbusho yamevua. Sanamu za hekalu letu la Nairobi ni za madhehebu na zama nyingine, lakini adabu ya kuvisha ni moja, na kwa somo hili njia mbili zinakamilishana vizuri kuliko pengine popote katika ulinganisho huu.

Sauti ya anayeeleza

Katika makumbusho anayesema ni mtaalamu, kwa kawaida kupitia lebo ya sentensi chache na mwongozaji wa wageni. Lebo nzuri humwambia msomaji kitu ni cha nani, kimetengenezwa kwa nini na kilitumika lini. Udhaifu wake mkubwa, na huo si wa Nairobi peke yake, ni namna inavyozigawa dini. Museum Hill, ukumbi mmojawapo hufuata mzunguko wa maisha ya mwanadamu, tangu kuzaliwa, kuingizwa utu uzima, kuwa mzee hadi kuwa miongoni mwa waliotangulia. Mpangilio huo una busara, kwa sababu katika jamii nyingi za Kenya mambo matakatifu hayakutengwa na maisha ya kila siku. Hata hivyo mgeni asiyesaidiwa hutoka akiamini kwamba Waislamu na Wakristo wana dini, na mababu zake walikuwa na utamaduni, tena uliokwisha. Kiongozi wa kikundi lazima alitaje hilo kwa kinywa chake. Kabati la vioo halitamsaidia.

Sifa ambayo makumbusho hustahili hapa ni ujasiri wa kujichunguza. Mwaka 2021 Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi yaliandaa maonyesho yaliyotokana na mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko katika makumbusho ya ng'ambo, orodha iliyopita vitu 32,000, na humo makabati mengine yaliwekwa yakiwa matupu ili pengo lionekane. Hakuna nyumba ya ibada itakayokuonyesha kitu cha namna hiyo, kwa kuwa si kazi yake.

Katika nyumba ya ibada anayeeleza ni mwamini, awe imamu, mtawa, mzee wa kanisa au kijana wa kujitolea, na maelezo yake ni ushuhuda. Atakueleza maana ya kitu kwake na kwa wenzake, kwa uzito ambao mtaalamu hawezi kuuigiza. Usimtegemee akupe historia yenye mabishano, wala ulinganisho wa haki na dini jirani. Mara nyingine atakuwa mkarimu kupita kiasi katika kusema kwamba dini zote ni kitu kimoja, na mara nyingine atageuza ziara kuwa mahubiri. Yote mawili huvumilika ikiwa kikundi kimeandaliwa kusikia kwamba hiki ndicho anachokiamini msemaji, na kwamba mwenzake wa dhehebu jingine angesema tofauti.

Skrini huwa na maelezo marefu kuliko zote. Kurasa za makumbusho makubwa hueleza kitu kimepitia mikononi mwa nani, na sehemu hiyo, ambayo wasomaji wengi huiruka, ndiyo ninayowashauri wanafunzi waisome kwanza. Lakini sauti ni ya taasisi iliyo mbali na kitu kilikotoka, huzungumza zaidi kwa Kiingereza, na husema tu juu ya kile ilichoamua kukionyesha. British Museum ina tabot 11, yaani vibao vitakatifu vya madhabahu, na nyingi kati yake zilitekwa na jeshi la Uingereza huko Maqdala, Ethiopia, mwaka 1868. Kwa kuwa kwa Waorthodoksi wa Ethiopia tabot hairuhusiwi kuonwa na mtu asiye kasisi, makumbusho hayo huziweka mahali palipofungwa ambapo hata wataalamu wake hawazitazami. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, nayo iko katika makumbusho hayo hayo, stoo. Mwanafunzi anayepitisha kidole kwenye skrini, picha baada ya picha, hatakutana na tabot hata moja, na hatajua kwamba hajakutana nayo.

Masharti, adabu na dhamiri

Makumbusho ni uwanja usiomdai mtu chochote zaidi ya tiketi na utulivu. Hakuna kuvua viatu, hakuna kupiga magoti, hakuna wa kukuuliza unaamini nini. Kwa sababu hiyo wazazi wa Kiislamu wasiotaka watoto wao wasimame mbele ya sanamu inayoabudiwa, na wazazi wa makanisa ya kiroho wanaoviona vinyago kuwa mlango wa mashetani, hukubali ziara ya makumbusho kwa urahisi zaidi. Wa kundi la pili wataweka masharti hata hapo, na ni afadhali kuwasikiliza mapema kuliko kubishana nao ndani ya basi.

Nyumba ya ibada ina masharti mengi, na yanatofautiana. Msikitini viatu huvuliwa, wanawake hujifunika, na ziara hupangwa nje ya nyakati za swala, Ijumaa adhuhuri ikiepukwa kabisa. Katika gurdwara ya Wasikh kila mtu hufunika kichwa, wanaume wakiwemo, na heshima yote huelekezwa kwa Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu, na kukigeuzia miguu hakupendezi. Hekalu la Kihindu hutaka mavazi ya staha na kimya, na mara nyingi hukataza picha karibu na madhabahu. Kanisani, wakati wa komunyo, mgeni hubaki tu amekaa.

Jambo linaloleta taabu zaidi ni chakula. Gurdwara humkaribisha kila mgeni kula bila malipo, na hekaluni hutolewa kitu kidogo kilichokwisha kutolewa kwa mungu. Wapo Wakristo na Waislamu ambao dhamiri yao haiwaruhusu kula hicho cha pili, na wapo wenyeji ambao kukataa huwaumiza. Mwombe mwenyeji, siku mnapopanga ziara, akuambie nini kitatolewa na namna ya staha ya kushukuru bila kupokea. Katika ziara nilizoziona wenyeji walikuwa na jibu tayari, kwa kuwa si mara yao ya kwanza kuulizwa.

Skrini haidai lolote, na hapo ndipo penye hatari yake. Kijana ambaye angeinamisha kichwa mbele ya sanamu akijua mwenye sanamu hiyo yupo, huicheka ile ile akiwa peke yake na simu. Mwalimu anayetumia skrini hana budi kuleta ule uwepo wa wenye kitu kwa namna fulani, hata ikiwa ni kwa kumwomba mzazi Mhindu au jirani Mwethiopia akae darasani wakati picha zinaonyeshwa.

Muda na gharama

Hapa tofauti ni rahisi kuziona. Makumbusho yana kiingilio, wanafunzi hulipa chini ya watu wazima, na malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupitia eCitizen, kwa hiyo kamilisha shughuli hiyo kabla ya kuondoka shuleni. Saa tatu zinatosha ikiwa umechagua kumbi mbili na kuziacha nyingine. Nyumba ya ibada kwa kawaida haina tiketi. Gharama yake ni barua, simu za kufuatilia, na uvumilivu wa kubadilisha tarehe msiba au harusi ikiingilia. Skrini huhitaji bando la intaneti, projekta na umeme usiokatika, na hutoshea katika kipindi cha dakika 40.

Kila njia inamfaa nani

Makumbusho yanamfaa kiongozi ambaye swali lake ni kulinganisha: jamii mbalimbali za Kenya ziliwaelezaje waliokufa, au nani ana haki ya kumiliki kitu kitakatifu. Yanakifaa pia kikundi kikubwa na chenye watoto wadogo. Kwa anayetaka sanaa ya Kihindu, ya Kibuddha au ya Kiorthodoksi hayatamtosha, maana mkazo wa Museum Hill ni jamii za Kenya na historia ya viumbe.

Nyumba ya ibada inakifaa kikundi kidogo, cha vijana waliokwisha kukomaa kidogo au cha watu wazima, ambao wanaweza kunyamaza bila kukumbushwa na kuuliza bila kushambulia. Inawafaa hasa wale wanaodhani wanaijua dini ya jirani kwa kuwa wanamjua jirani.

Skrini inamfaa mwanafunzi wa sanaa au wa historia anayehitaji kukuza, kusoma na kurudia, na shule iliyo mbali na jiji. Inamfaa pia kiongozi mwenyewe, usiku wa kuamkia ziara, hata kama kikundi chake hakitaiona kamwe.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na kikundi cha dini mchanganyiko, siku moja na basi moja, unganisha Museum Hill asubuhi na hekalu la Swaminarayan baadaye, kwani hakuna masafa makubwa kati yao. Uliza kwanza saa ambazo pazia huwa wazi, kisha panga ratiba ya makumbusho kuzifuata.

Ukiwa huna basi na kikundi ni cha watu wasiozidi kumi na watano, katikati ya jiji panatosha kwa miguu: mkusanyo wa Murumbi pale Archives, Msikiti wa Jamia, kisha Basilika ya Familia Takatifu. Jumanne au Jumatano ni bora kuliko siku nyingine. Usijaribu kuongeza kituo cha nne. Watu waliochoka hawaoni kitu.

Wazazi wakiwa na wasiwasi, anza na makumbusho peke yake muhula huu na uwape wazazi taarifa ya kilichoonekana. Au fanya kinyume: kila kundi liwaongoze wenzake katika nyumba yake lenyewe, vijana wakiwa ndio wanaoeleza. Nimeona mpango huu wa pili ukifichua jambo zuri, yaani kwamba wengi hawajawahi kuulizwa kitu chochote kuhusu madhabahu wanayoyaona kila wiki, na huenda kuwauliza wazee wao.

Ukiwa na Wakristo watupu ambao wanaona sanaa takatifu kuwa jambo la Wakatoliki au la Wahindi, wapeleke Murang'a wakaione kazi ya Elimo Njau, ukiomba ruhusa ya kanisa mapema na kuepuka Jumapili.

Ukiwa mbali na Nairobi na una skrini tu, chagua vitu vitatu, usichague thelathini. Kimoja kiwe cha dini ya wengi darasani, kimoja cha dini ambayo hakuna aliyewahi kukutana nayo, na kimoja kiwe cha Kenya kilichoko ng'ambo. Kwa kila kimoja soma sehemu inayoeleza kilivyofika kilipo kabla ya kukitazama, kisha pima ukubwa wake halisi kwa kamba sakafuni. Kwa zulia la Ardabil utahitaji kutoka nje ya darasa.